Miezi 11 ya Kupisha Uchunguzi

Swali la kwanza aliloniuliza wakili halikumhusu mgonjwa. Njia nzima, tangu basi lilipoondoka alfajiri hadi tulipopita njia panda ya Mnazi Mmoja na kuanza kuiona ghuba ya Mikindani, nilikuwa nikipanga namna ya kumweleza jinsi mama yule alivyotokwa na damu, dawa gani niliagiza na nilikuwa wapi. Nilipoketi tu mbele ya meza yake mjini Mtwara, alininyooshea mkono akasema, "Daktari, barua." Nilipompa hakuanza kusoma maneno. Aliangalia tarehe, akaangalia sahihi, akaigeuza nyuma kutafuta muhuri, kisha akauliza niliipokea siku gani na bahasha yake iko wapi. Bahasha hiyo mke wangu alikuwa ameiwashia jiko la mkaa miezi minne nyuma.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana si haki kusimulia habari za kusimamishwa kwangu kana kwamba hakukuwa na maiti. Ilikuwa usiku wa katikati ya Machi, masika yamepamba moto, nami nilikuwa daktari pekee wa zamu katika hospitali moja ya wilaya mkoani Lindi. Mama mmoja alikuwa juu ya meza ya upasuaji, mtoto amechoka tumboni. Mwingine, aliyejifungua salama saa mbili kabla, alianza kutokwa na damu wodini. Muuguzi alikuja mlangoni mwa chumba cha upasuaji mara mbili. Mara ya kwanza nilimwelekeza dawa ya kukaza mfuko wa uzazi na maji ya mshipani. Mara ya pili nilikuwa nafunga tumbo, nikamjibu kwamba nakuja. Kwenye jokofu la damu palikuwa na chupa mbili, zote za kundi lisilomfaa. Nilipomfikia mikono yake ilikwisha kupoa, na kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amefariki. Niliandika maelezo kwenye faili saa moja asubuhi, kwa mkupuo mmoja, bila kuonyesha saa ya kila tukio. Hilo lilikuwa kosa langu, na hakuna jaji aliyelifuta.

Siku ya tatu ulifanyika mkutano wa hadhara. Mimi sikuwepo, nilikuwa nazungukia wagonjwa. Kiongozi aliyefika aliwasikiliza ndugu wa marehemu, akauliza daktari wa zamu alikuwa nani, kisha akatamka kwenye kipaza sauti kwamba kuanzia dakika ile nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Watu walipiga makofi. Habari niliipata kwa kijana wa maabara aliyenionyesha video kwenye simu yake, akiwa ameinamisha uso kama mtu anayeleta habari za msiba. Barua yenyewe ilinifikia siku 6 baadaye, ikiwa imeandikwa tarehe ile ile ya mkutano. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilitaja uzembe uliosababisha kifo, bila kueleza ni kitendo gani. Ya pili ilisema nitalipwa nusu mshahara, nisitoke nje ya kituo changu cha kazi bila ruhusa, na kwamba hali hiyo itaendelea "hadi uchunguzi utakapokamilika". Nilipoisoma mara ya kwanza, neno lililoniuma ni "uzembe". Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kesi yangu yote ingening'inia kwenye yale maneno matatu ya mwisho, ambayo hayakuwa na idadi ya siku.

Kwa muda mrefu nilikosea hata kuhusu kile nilichonyang'anywa. Daktari wa Tanzania Bara ana kamba mbili zinazoweza kuvutwa kwa wakati tofauti na mikono tofauti. Moja ni usajili na leseni, vilivyo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2017 inayowasimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Nyingine ni ajira, ambayo kwa sisi tulio serikalini inaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma na mamlaka ya nidhamu iliyotajwa humo. Mwaka 2012, nikiwa bado mwanafunzi, niliwaona kaka zetu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakisimamishwa na Baraza baada ya mgomo wa madaktari, na kumbukumbu hiyo ilinifanya niamini kwamba kusimamishwa ni kitu kimoja tu. Kumbe mimi nilikuwa nimesimamishwa na mwajiri, na leseni yangu ilikuwa hai. Kisheria nilikuwa daktari kamili aliyekatazwa kuvuka geti la hospitali yake. Lakini mtaani, kwa miezi miwili ya mwanzo, niliogopa hata kumwambia jirani ampe mwanawe maji ya chumvi na sukari, nikidhani nitakuwa natibu bila kibali.

Mwezi wa tatu wa kukaa nyumbani niliamua kwenda mahakamani, na nilikwenda vibaya. Kwa kuogopa gharama nilimwendea mzee mmoja anayeandika hati karibu na stendi, mtu mwerevu na mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Tulimshtaki mwajiri wangu peke yake. Siku ya kutajwa kwa shauri, Wakili wa Serikali alisimama, akazungumza kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa, akaketi. Alisema kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, shauri dhidi ya taasisi ya umma kama halmashauri lazima limuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kwamba kutomuunganisha kunabatilisha mwenendo mzima. Sikuwa na la kujibu. Maombi yaliondoshwa. Nilitoka nje nikiwa na hakika kwamba nimeshindwa, hadi karani mmoja alipoona uso wangu akanieleza kwa upole tofauti ambayo kila daktari aliyesimamishwa angepaswa kuijua: shauri likiondoshwa kwa kasoro unaweza kulileta tena likiwa limenyooka, ila likitupwa ndipo mlango hufungwa. Aliongeza, "Lakini saa yako inatembea, Daktari. Usilale."

Saa aliyoizungumzia ni ile ya miezi 6. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma lazima aombe kwanza kibali, na kibali hicho huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, kwa kanuni za mwaka 2014. Nilipofika kwa wakili wa Mtwara tulikuwa mwishoni mwa Julai. Nilimwambia tuhesabu tangu siku niliyopokea barua, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa haki. Alitikisa kichwa, akachora mstari kwenye daftari na kuandika tarehe ya mkutano wa hadhara. Kanuni yake ilikuwa kwamba mteja huhesabiwa kwa tarehe iliyo mbaya zaidi kwake, ili upande wa pili usipate hata siku moja ya kugombea, hasa mteja ambaye bahasha yake imeishia jikoni.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sasa nalicheka, ingawa wakati ule halikunichekesha. Kwa kuwa barua ilinizuia kutoka kituoni bila ruhusa, kila nilipotaka kwenda Mtwara kumshtaki mwajiri wangu nililazimika kumwandikia mwajiri huyo huyo kuomba ruhusa ya kusafiri. Wakili alisisitiza niandike kila mara, nitaje sababu ya kweli, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Aliniambia pia niandike barua nyingine, fupi, kuuliza uchunguzi umefikia wapi na utakamilika lini. Nilimkatalia. Nilimwambia siwezi kumpigia magoti mtu aliyenidhalilisha kwenye kipaza sauti. Alinisubiri nimalize, akasema, "Mwanangu, hiyo siyo barua ya kuomba, ni barua ya kuonyesha." Niliiandika kwa kinyongo, mistari mitano, nikaipeleka kwa mkono mwanzoni mwa Agosti. Haikujibiwa.

Ugomvi wetu mkubwa, hata hivyo, ulikuwa juu ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo ningeyaapia mahakamani. Nilikuwa nimeandaa kurasa 14. Zilikuwa na hali ya akiba ya damu wilayani, idadi ya zamu nilizofanya mfululizo mwezi ule, vyeti vya mfanyakazi bora, na barua ya mzee mmoja wa kijiji niliyemwokoa mwanawe. Alizipunguza hadi 4. Kila alipofuta aya nilihisi ananivua nguo, nikamuuliza mahakama itajuaje kwamba mimi si mzembe. Alinijibu kwamba haitajua, wala haitauliza. Hapo ndipo alipokaa na kunifundisha, kwa subira ambayo sikuistahili, mapitio ya mahakama ni kitu gani. Jaji hakai kwenye kiti cha mwajiri wala cha kamati ya uchunguzi. Hapimi kama nilimchelewesha mama yule. Anatazama jinsi amri ilivyozaliwa: aliyeitoa alikuwa na mamlaka ya kuitoa? Alifuata utaratibu wa sheria anayoitumia? Aliyeguswa alipewa nafasi ya kusikilizwa, kama Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inavyodai? Na amri yenyewe ina mipaka, au imeachwa wazi kama shamba lisilo na uzio? Mtu anaweza kuwa mzembe kweli na amri iliyomsimamisha ikawa batili. Anaweza pia kuwa daktari hodari na amri ikawa halali kabisa.

Maneno hayo niliyapinga kwa wiki kadhaa. Nadhani kila anayekwenda mahakamani baada ya kutajwa hadharani hutaka kitu kimoja, kwamba mtu mwenye joho aseme kwa sauti kwamba yeye si yule aliyetangazwa. Mlango huo haupo katika hatua ya kusimamishwa. Upo mbele, kwenye kamati ya nidhamu, kwenye rufaa mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, na pengine mbele zaidi. Niliyemwona kama mwokozi wangu alikuwa mkaguzi wa karatasi, na nilipokubali hivyo nilianza kulala usiku.

Maombi ya pili yalifunguliwa Agosti na kusikilizwa mwanzoni mwa Oktoba, msimu ambao Mtwara nzima huzungumza minada ya korosho na mimi nilikuwa nikisubiri malipo ya shamba la baba ili nimalizie ada ya wakili. Tuliingia kwenye chemba ya jaji, chumba kidogo kuliko nilivyotarajia, feni ikizungusha joto. Upande wa Serikali uliweka pingamizi la awali: kwamba mimi ni mtumishi wa umma, na kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kinanitaka nimalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo kabla ya kukimbilia kwingine. Lilikuwa pingamizi zito, na mawakili wa Serikali walilijenga vizuri. Wakili wangu alijibu kwamba rufaa kwenda Tume hukatwa dhidi ya uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, na hapa, baada ya miezi zaidi ya 6, hapakuwa na hati ya mashtaka, hapakuwa na kamati, hapakuwa na uamuzi wa kukatia rufaa. "Mteja wangu," alisema, "ameambiwa apande ngazi ambayo mwenye nyumba ameificha."

Kisha walihamia kwenye kibali chenyewe. Shauri la Emma Bayo, Rufaa ya Madai Namba 79 ya mwaka 2012, lilitajwa na pande zote mbili kama watu wanaovuta kamba moja: Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza humo kwamba hatua ya kibali ni chujio, ambapo mwombaji huonyesha kuwa ana hoja inayostahili kusikilizwa, amekuja ndani ya miezi 6, na ana maslahi ya kutosha katika jambo hilo. Tuliomba pia nirudishwe kazini wakati shauri likiendelea, na hapo likaibuka Atilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969, lenye vigezo vitatu ambavyo sasa navijua kama dozi za dawa: kuwepo kwa swali zito la kuamuliwa, hasara isiyofidika, na mizani ya nani ataumia zaidi.

Ni katika kigezo hicho cha tatu ambapo wakili wangu alitoa karatasi kutoka Uingereza. Kule, Sheria ya Madaktari ya mwaka 1983 ina kifungu cha 41A kinachoruhusu daktari asimamishwe kabla tuhuma hazijasikilizwa, lakini kwa muda usiozidi miezi 18, na amri lazima ipitiwe upya ndani ya miezi 6 ya kwanza. Daktari anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba ifutwe. Muda ukiisha kabla uchunguzi haujakamilika, ni msimamizi wa taaluma anayelazimika kwenda mahakamani kuomba nyongeza, na katika uamuzi wa mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko ilisema kwamba jaji hatafuti ukweli wa tuhuma. Anapima uzito wake, hatari kwa wagonjwa, sababu za kuchelewa na madhara kwa daktari, na mzigo uko mabegani mwa anayeomba. Wakili wa Serikali alijibu, na alikuwa sahihi, kwamba maamuzi ya Uingereza yanashawishi tu na hayaifungi mahakama yetu. Mimi niliyekuwa nimeketi nyuma niliionea wivu saa ile ya ukutani ya watu wengine. Sikuwaonea wivu ulegevu, kwa maana hawana. Miezi 18 ni mirefu kuliko yangu. Nilitamani tu kuwa na siku ambayo mtu fulani angelazimika kusimama na kueleza kwa nini bado nipo nyumbani.

Jaji aliuliza swali moja tu linalonihusu mimi binafsi: je, mwombaji amewahi kumwandikia mwajiri kuulizia uchunguzi? Wakili wangu alisimama na mistari yangu mitano yenye muhuri wa Agosti. Iliwekwa mezani kimya kimya. Upande wa pili ulitazama nakala yao, ukanong'onezana. Kati ya makaratasi yote tuliyobeba siku ile, yaliyofungwa kwa kamba ndani ya faili la pinki, hilo ndilo nililokuwa nimekataa kuliandika.

Uamuzi ulisomwa wiki mbili baadaye, kwa Kiswahili, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yaliifanya lugha yetu kuwa lugha ya mahakama. Baba yangu, aliyekuja kutoka shamba akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, alielewa kila sentensi bila kunitazama anitafsirie. Pingamizi lilitupwa. Kibali kilitolewa, kwa sababu amri isiyo na ukomo na iliyotanguliwa na tamko la mtu ambaye haikuonekana kuwa ni mamlaka ya nidhamu yangu ilikuwa na hoja ya kusikilizwa. Lakini ombi la kunirudisha kazini lilikataliwa. Kuna kifo, alisema Mheshimiwa Jaji, na kuna wagonjwa ambao hawako mahakamani humu. Mshahara unafidika, uhai haufidiki. Baba alinigusa goti. Nilikasirika siku ile, na leo nikijiuliza ningeamua vipi kwenye kiti kile, nadhani ningeamua vivyo hivyo. Kama tabibu wa chini yangu angefika zamu amelewa, ningetaka aondolewe usiku huo huo, kabla ya kikao na kabla ya barua. Ninachokataa ni kumwondoa kisha kumsahau.

Shauri la msingi tulilifungua ndani ya siku 14 kama kanuni zinavyotaka, likapangiwa Februari. Halikufika huko. Mwishoni mwa Novemba nililetewa nyumbani hati ya mashtaka, ya kwanza tangu Machi, ikiwa na maelezo kamili na muda wa kujibu. Kamati ya uchunguzi ilikaa Desemba. Huko sasa ndiko nilikotoa zile kurasa 10 zilizofutwa, na huko ndiko muuguzi wa usiku ule alikohojiwa, akaeleza alikuja mlangoni saa ngapi, kwa kuwa yeye aliandika. Kosa la uzembe uliosababisha kifo halikuthibitika. La kutotunza kumbukumbu za mgonjwa lilithibitika, nikapewa onyo la maandishi, ambalo sikulikatia rufaa. Mwezi Februari nilirudi kazini na shauri la Mtwara likaondolewa kwa makubaliano, kila upande ukibeba gharama zake, kwa kuwa amri tuliyokuwa tukiipinga haikuwepo tena. Kwa hiyo swali letu la msingi, kama mtu anaweza kusimamishwa kupisha uchunguzi usio na mwisho, halikujibiwa na mtu yeyote. Nusu ya mshahara niliyodai ilikuja kwa mafungu, na ya mwisho ilichelewa hadi masika mengine.

Mwaka uliofuata, usiku, tabibu mmoja kijana niliyewahi kumfundisha alinipigia simu kutoka Liwale. Alikuwa analia. Alisema ametangazwa mkutanoni jioni ile. Nikamuuliza kama ana barua, akasema bado. Nikamwambia achukue daftari aandike sasa hivi: nani ametamka, saa ngapi, mbele ya nani, na barua ikija asitupe bahasha.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Lakini Daktari, mbona huniulizi nimefanya nini?"

"Nitakuuliza," nilimwambia. "Leo ni tarehe ngapi kwako huko?"